Pakiti, chupa na papai bichi: kipi kinafaa kwa nyama ya kuchoma kwenye makaa

Rafu za viungo katika maduka makubwa ya Dar es Salaam hazifanani tena na zilivyokuwa. Mahali palipokuwa na pilau masala, bizari na chumvi tu, sasa pamejaa pakiti za masala ya mishikaki, makopo ya viungo vikavu vya kupaka nyama, chupa za sosi za kuchomea zilizotoka nje, na vichupa vya unga wa kulainishia nyama. Kila bidhaa inaahidi nyama laini yenye harufu ya kuita majirani, na ahadi hiyo huchapishwa juu ya picha ya nyama nyekundu inayometameta ambayo haijapata kuonekana juu ya jiko lolote la makaa. Nimezijaribu bidhaa hizo kwa aina zake, kwenye nyama tunayonunua kweli, yaani steki ya ng'ombe kutoka bucha la mtaani, mbavu za mbuzi, kuku wa kisasa na kuku wa kienyeji, na kwenye jiko lisilo na mfuniko wala kipimajoto. Viwanda sitavitaja, isipokuwa kimoja ambacho nina la kukisifu, kwa sababu bidhaa za aina moja zinafanana mno, na mnunuzi atafaidika zaidi akiijua aina kuliko akilijua jina.

Kila bidhaa niliipima kwa swali lilelile: ilitengenezwa kwa ajili ya moto wa namna gani? Mishikaki yetu hukaa vidole vichache tu juu ya makaa yanayopepewa, na hapo joto hupita nyuzi 200 za Selsiasi bila taabu. Nyama hukatwa vipande vidogo, hugeuzwa mara kwa mara, huiva kwa dakika kumi au kumi na tano, na mlaji amesimama pembeni anasubiri. Katika majimbo ya kusini na ya kati ya Marekani, ambako sosi nyingi za chupa zina asili yake, mambo huenda kinyume kabisa. Kidari cha ng'ombe au bega la nguruwe huwekwa mbali na moto, ndani ya tanuri lililojaa moshi, kwa nyuzi 107 hadi 121 hivi, na hukaa humo saa nane, saa kumi na mbili, hata zaidi. Kansas City wana sosi nzito ya nyanya na molasi, yaani shira nyeusi ya miwa. Mashariki mwa Carolina Kaskazini wanatumia siki na pilipili. Carolina Kusini wana sosi ya haradali. Na huko Decatur, Alabama, Bob Gibson alianzisha sosi nyeupe ya mayonezi mwaka 1925. Wachomaji wa Texas ya kati, ambao binafsi nawaona wako karibu nasi kuliko wenzao wote, huipaka nyama chumvi na pilipili manga, wakaishia hapo. Tofauti za ladha ni nyingi, lakini mila hizo zote zilikulia kwenye joto la polepole, na sosi ikihamishwa kutoka kwenye joto hilo hadi kwenye jiko letu inakutana na jambo ambalo haikuandaliwa.

Jambo lenyewe ni sukari. Sukari ya mezani huanza kugeuka karameli inapokaribia nyuzi 160, na sukari ya matunda, iliyomo kwa wingi katika asali na katika aina fulani za shira ya mahindi zinazotumiwa viwandani, huanza mapema zaidi, karibu na nyuzi 110. Ikipita hapo inakuwa nyeusi na chungu. Nyama, kwa upande wake, inahitaji joto la takriban nyuzi 140 kwenda juu ili uso wake ugeuke kahawia na kutoa ile harufu tunayoiita ya choma, kutokana na mwitikio wa protini na sukari ambao mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Kwa hiyo juu ya makaa yetu, joto lile lile linaloitendea nyama haki ndilo linaloiua sosi yenye sukari nyingi. Nilifuata maelekezo ya chupa moja yaliyotaka nyama ilowekwe ndani ya sosi kwa saa mbili kisha ichomwe. Mwanzoni sosi ilitokota kandokando ya kijiti, punde ikaanza kufanya malengelenge meusi, na kabla maji ya nyama hayajaanza kujitokeza juu, kila kipande kilikuwa kimevaa gamba chungu linalobanduka kwenye meno, huku ndani kukiwa bado kubichi.

Sosi hizo si mbaya kwa asili yake. Zikipakwa katika dakika mbili za mwisho, makaa yakiwa yameanza kufunikwa na jivu na nyama imekwisha kuiva, zinashika vizuri na kung'aa kidogo, na mbavu hasa hupendeza zikifanywa hivyo. Zikitiwa kwenye kibakuli cha kuchovya zinafaa zaidi. Lakini mtu akisoma orodha ya viambato atakuta mara nyingi kwamba sukari au shira imetangulia au inaifuata nyanya kwa karibu, kisha siki, chumvi, wanga wa kuongezea uzito, na mwishoni kabisa ladha ya moshi. Hili la mwisho hunichekesha kila nikilikuta: mtu amekaa mbele ya jiko la mkaa, macho yanamtoka machozi, anaipaka nyama yake moshi wa chupa. Chupa ya kutoka nje hukaribia bei ya kilo moja ya steki na katika baadhi ya maduka huipita, na kwa bei hiyo siwezi kumshauri mtu ainunue kwa ajili ya makaa. Sosi ya nyanya ya kawaida inayotengenezwa hapa Afrika Mashariki, ikiongezwa siki kidogo, pilipili manga na kitunguu saumu kilichosagwa, kisha ikachemshwa dakika chache, inafanya kazi ile ile mezani kwa sehemu ndogo ya gharama.

Viungo vikavu vya kupaka, vinavyouzwa katika makopo yenye matundu juu, vina tatizo la aina hiyohiyo, ingawa kwa kiwango kidogo. Vingi vina sukari ya kahawia na paprika kwa wingi, na paprika nayo huungua haraka na kuacha uchungu. Kwenye kuku mzima anayeiva taratibu ndani ya oveni niliviona vizuri sana, ngozi ikatoka na rangi ya kupendeza. Kwenye mishikaki havikunipa chochote ambacho chumvi na pilipili manga iliyosagwa papo hapo visingenipa. Mwenye oveni anunue. Mwenye jiko la mkaa peke yake aipite rafu hiyo.

Pakiti za masala ya mishikaki zinastahili kuzungumzwa kwa kirefu zaidi, kwa sababu ndizo zinazonunuliwa na watu wengi na zimekusudiwa moto wetu hasa. Kanuni za vyakula vilivyofungashwa zinataka viambato viorodheshwe kuanzia kilicho kizito zaidi, hivyo mstari wa kwanza wa orodha hueleza mengi. Katika pakiti nyingi nilizozishika, mstari huo unaanza na neno chumvi. Baada ya chumvi hufuata giligilani iliyosagwa, ambayo ni kiungo cha bei nafuu, kisha pilipili nyekundu, binzari nyembamba, manjano, unga wa kitunguu saumu na wa tangawizi, asidi ya sitriki ya kuleta ukali wa ndimu, na mara nyingi rangi ya kuongeza wekundu. Hiliki, karafuu na mdalasini hutajwa kwa herufi kubwa upande wa mbele wa pakiti, na upande wa nyuma hupatikana mwishoni kabisa mwa orodha.

Chumvi kutangulia si kosa, kwani ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko vyote. Chembe zake ni ndogo, huyeyuka katika maji ya nyama na kuingia hadi ndani, na huzifanya protini zishikilie maji ili nyama isikauke juu ya moto. Harufu ya viungo haina uwezo huo. Sehemu kubwa ya harufu hizo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, na nyama isiyo na mafuta mengi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo hata ukiloweka usiku kucha, binzari na giligilani hubaki juu juu, milimita chache tu kutoka usoni. Ndiyo maana masala hukolea katika mishikaki, ambayo kila kipande chake kina pande sita zilizopakwa, na hupotea katika pande kubwa la paja. Ndiyo maana pia wachomaji wa mbuzi wa Arusha, au wa Kenyatta Market huko Nairobi, hawahangaiki na masala: mbavu zao ni kubwa, kwa hiyo ni chumvi tu inayoingia ndani, na ladha nyingine hutolewa na kachumbari, ndimu na pilipili mezani.

Kosa la pakiti ni kwamba hazimwambii mnunuzi amenunua chumvi kiasi gani, na yeye huongeza ya kwake. Hesabu yenyewe si ngumu pale jedwali la lishe linapokuwepo, kwani kiasi cha sodiamu kikizidishwa kwa 2.5 hutoa kiasi cha chumvi. Tuchukue mfano wa pakiti ya gramu 50 inayodai kutosha kilo moja ya nyama, na jedwali lake likiandika gramu 16 za sodiamu kwa kila gramu 100. Hiyo ni gramu 40 za chumvi katika gramu 100, yaani gramu 20 katika pakiti nzima. Nyama ya kuchoma hukolea kwa gramu 15 hivi kwa kilo, na ikifika gramu 20 walaji huanza kuulizia maji. Mwenye pakiti hiyo hana nafasi ya kuongeza hata punje, na ni afadhali atumie robo tatu ya pakiti na kufidia harufu kwa binzari yake mwenyewe.

Pale jedwali linapokosekana, na hukosekana mara nyingi katika pakiti ndogo za dukani, bilauri ya maji husaidia. Tia kijiko cha unga, koroga, uache utulie. Chumvi na asidi huyeyuka zikapotea. Rangi ya kiwandani huyapaka maji yote mara moja, wakati wekundu wa pilipili huelea pembezoni kama utando wa mafuta. Viungo vyenyewe hutua chini vikiwa na rangi ya hudhurungi. Na wanga, kama umetiwa, huyafanya maji kuwa ya ukungu kisha hutulia kama tope jeupe. Pakiti moja iliniachia safu nyembamba ya viungo chini ya bilauri, na juu yake maji mekundu yenye chumvi kali. Nyingine, iliyokuwa ghali kidogo, iliacha tope zito la kahawia lenye harufu ya binzari, nami naikubali hiyo ya pili bila kusita.

Hata hivyo, ile niliyoikubali haikushinda viungo vilivyokaangwa bila mafuta na kusagwa nyumbani. Vijiko viwili vya chai vya giligilani, kimoja cha binzari nyembamba na nusu kijiko cha pilipili manga, vikipashwa kwenye kikaango kikavu hadi harufu ipande kisha vikatwangwa, vinatosha kilo moja. Ongeza vitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa vibichi, maana unga wa kitunguu saumu una ladha nyingine kabisa, vijiko viwili vya mafuta ili yabebe harufu, na vijiko vya chai viwili na nusu vya chumvi laini. Ndimu itiwe nusu saa kabla ya kuchoma, au ikamuliwe juu ya nyama iliyoiva. Asidi yake ni kali, na nyama iliyolazwa ndani ya ndimu usiku kucha hukaza juu na kuwa na unga unga mdomoni. Pakiti zenye asidi ya sitriki nyingi huleta hali hiyo hiyo, kwa hiyo maelekezo ya «loweka usiku kucha» yanayochapishwa nyuma yake yasifuatwe. Saa mbili ndani ya friji zinatosha kwa vipande vya mishikaki.

Hayo yote ni ladha, lakini mchomaji wa hapa kwetu ana tatizo kubwa kuliko ladha, nalo ni ugumu wa nyama. Ng'ombe wetu wengi ni zebu wa asili, wametembea sana kutafuta malisho, wamechinjwa wakiwa wamekomaa, na nyama yao huuzwa siku ileile bila kuning'inizwa kwenye ubaridi kwa siku kadhaa ili ilainike. Muuza bucha aliyenikatia steki ya majaribio haya aliliona tatizo kabla yangu. «Dada, kama ni ya mishikaki, hii ya paja itakusumbua, chukua sarara,» aliniambia, na nilipomjibu kwamba nataka hiyo hiyo ya paja aliifunga huku akitikisa kichwa: «Basi kaitie papai.»

Papai bichi limo katika mapishi ya pwani tangu zamani, na unga wa kulainishia nyama unaouzwa katika vichupa ni papai hilohilo kwa njia nyingine. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini ambacho hukata protini za nyama, na ambacho viwanda hukikausha, kukichanganya na chumvi au wanga, na kukiuza kwa majina ya kupendeza. Kwenye friji kimeng'enya hicho hufanya kazi polepole. Nyama inapoanza kupata moto, hasa kati ya nyuzi 60 na 70, hukimbia mbio, na joto likizidi sana huharibika na kukoma. Maana yake ni kwamba kazi kubwa hufanyika juu ya jiko katika dakika za mwanzo, na kuiloweka nyama kwa saa nyingi hakuongezi faida inayolingana na hasara yake.

Niliweka nyama ya paja moja katika bakuli mbili, moja kwa kijiko cha chakula cha papai bichi lililokunwa pamoja na ganda lake kwa kila kilo, nyingine kwa unga wa kichupa kwa kipimo kilichoandikwa. Baada ya saa moja na nusu zote mbili zililainika vya kutosha kutafunwa bila ugomvi, na aliyeonja bila kuambiwa hakuweza kuzitofautisha kwa ulaini. Tofauti ilikuwa kwenye chumvi, kwani unga una chumvi yake, na kwenye usawa: unga hutoa matokeo yaleyale kila mara, ilhali papai hutegemea ukomavu wake. Likianza kuiva, utomvu hupungua na nguvu huisha nao. Vipande nilivyoviacha hadi asubuhi katika bakuli zote mbili viliharibika kwa namna moja: juu vilikuwa uji, vikashindwa kukaa kwenye kijiti, na ndani bado kulikuwa na ukakasi wa paja.

Kichupa cha unga kinamfaa anayeishi mahali ambako papai bichi halipatikani, na nawafikiria hasa ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika Kaskazini, au mwenye biashara ya mishikaki anayetaka matokeo yasiyobadilika. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, sioni sababu ya kukinunua. Asiyelipenda papai anaweza kuongeza tangawizi mbichi, ambayo nayo ina kimeng'enya chake, zinjibaini, ingawa nguvu yake ni ya wastani. Nanasi lina bromelaini, lakini lina sukari pia, na tumekwisha kuona sukari inafanya nini. Kuku wa kisasa hahitaji chochote katika hivi. Nyama yake ni laini tayari na papai humgeuza kuwa tepetepe. Huyo mtindi unamtosha, kwa kuwa asidi yake ni ya upole na sukari kidogo ya maziwa humpa rangi. Kuku wa kienyeji aliyekomaa achemshwe kwanza, kama ilivyo desturi, ndipo aende kwenye makaa.

Nikiwa kwenye kuku, lazima niseme kwamba pwani ina sosi yake ya kuchomea ambayo imezaliwa juu ya makaa, nayo ni ile ya kuku wa kupaka. Tui zito huchemshwa pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na manjano hadi liwe rojorojo, hukamuliwa ndimu, kisha hupakwa juu ya kuku mara kwa mara anapogeuzwa. Mafuta ya nazi hulinda uso wa nyama usikauke, sukari yake ni kidogo, na madoa meusi yanayotokea hapa na pale yana ladha ya kuungua kwa nazi, ambayo ni tamu, si ya karameli iliyokufa. Hakuna chupa hata moja niliyoijaribu iliyolikaribia tui hilo. Kinachouzwa dukani kwa ajili yake ni tui la boksi na la kopo, na hapa nina habari njema kwa asiye na mbuzi ya kukunia nazi: tui la boksi lenye nazi na maji tu, au lenye kiimarishi kidogo, lilifanya kazi vizuri sana, na kiimarishi hicho husaidia lisikatike linapochemka. Unga wa tui una kasoro zaidi. Mwingi huongezwa maltodekstrini, ambayo hutokana na wanga, na kaseini, ambayo ni protini ya maziwa, ili uyeyuke, na rojo lake juu ya moto huganda mapema na kuonja kama maziwa ya unga. Asiyetumia maziwa kwa sababu za kiafya asome orodha kabla ya kudhani kwamba nazi ni nazi.

Sosi za ukwaju za chupa nazo zimeongezeka, na hukumu yangu juu yake ni fupi: nyingi zina sukari kupita ukwaju. Ukwaju wa kuloweka, unaouzwa kwa mafungu sokoni, ukikamuliwa na kuchujwa, ukatiwa chumvi, pilipili na kitunguu saumu kidogo, unatoa mchuzi wa kuchovya ambao mafuta ya mishikaki hayawezi kuushinda. Omani wanaufahamu vizuri, kwani vibanda vya mishkaki vya kandokando ya barabara za Muscat huandaa nyama na ukwaju wenye pilipili, na yeyote aliyekulia Unguja atakula hapo bila kujihisi mgeni. Tahadhari moja inahusu mchuzi wowote, wa chupa au wa nyumbani: ule uliolowekea nyama mbichi usirudishwe mezani kuwa wa kuchovya, ila kama umechemshwa hadi ukatokota sawasawa, na sufuria la nyama iliyolowekwa lisiachwe juu ya meza katika joto letu zaidi ya saa mbili.

Bidhaa niliyoahidi kuisifu kwa jina ni Akabanga, mafuta ya pilipili yanayotengenezwa Nyirangarama nchini Rwanda na kampuni ya mfanyabiashara Sina Gérard. Huuzwa katika kichupa kidogo cha plastiki chenye mdomo wa kudondoshea, kama dawa ya macho, na ukali wake unaeleza kwa nini hakikupewa mdomo mpana. Hakuna sukari ndani yake ya kuungua, wala haidai kulowekea wala kulainisha; inasubiri hadi nyama imetoka motoni. Walaji wa michopo, yaani nyama ya kuchoma, huko Goma, na walaji wa brosheti, yaani mishikaki, huko Kigali, huidondosha moja kwa moja kwenye sahani. Mimi niliona inafaa zaidi ikichanganywa kwanza na chumvi na ndimu kwenye kisosi, kwa sababu tone likiangukia kipande kimoja linakionea hicho huku vingine vikibaki bila kitu. Matone matatu yalitosha kisosi cha watu wanne. Dar es Salaam haipatikani kila duka, na bei yake hutofautiana sana kati ya muuzaji mmoja na mwingine, lakini kichupa kimoja hudumu miezi. Mdomo wake ufutwe kila baada ya matumizi, kwani mafuta yanayotambaa nje ya kizibo huhamia kwenye vidole, na kutoka hapo hadi kwenye jicho si mbali.